Vitanda 20 viko Mombasa, jengo letu limefungwa, ufunguo ninao mimi. Nifanyeje na ndugu zetu wa kyeyo?

MamaWakala_Arua

Hamjambo wana jukwaa. Naomba mawazo kabla ya Jumapili, maana Jumapili saa mbili usiku ndugu zetu wa kyeyo, yaani waliokwenda kufanya kazi nje, huko Kanada na Uingereza, wanapiga simu ya pamoja, na mimi ndiye mweka hazina wa ukoo.

Nina kibanda cha mobile money hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na stendi. Ndiyo sababu nilichaguliwa. Walisema pesa zote zinapita kwangu hata hivyo, basi nizihesabu mimi mwenyewe.

Mwaka juzi ndugu walio nje walichanga wakatujengea kituo cha afya kijijini. Vyumba vinne, bati jekundu, baraza pana, tenki la maji la lita 5,000. Kazi nzuri, sisemi uongo. Siku ya kufungua tulichinja ng'ombe wawili, mjomba akaja kutoka Toronto akakata utepe, picha zikajaa kwenye kila simu.

Tangu siku ile mlango umefunguliwa mara saba. Najua idadi kwa sababu ufunguo unalala kwenye droo yangu. Mara mbili ilikuwa chanjo. Mara tano ilikuwa kufukuza popo. Nesi hakuna. Tulipokwenda wilayani kuomba nesi, ofisa mmoja alituuliza kwa upole kabisa: "Nani aliwaambia mjenge?" Kumbe kituo hakimo kwenye mpango wao, kwa hiyo hakina mshahara wala dawa. Na siku hizi serikali inapandisha vituo vya daraja la pili viwe vya daraja la tatu, haitaki vidogo vingine vipya. Tulirudi na bodaboda tatu, hakuna aliyesema neno njia nzima.

Sasa limekuja jambo la kontena. Ndani kuna vitanda 20 vya hospitali, viti vya magurudumu, maboksi ya vitabu na mashine za oksijeni. Wao wamelipa meli. Kuanzia Mombasa mpaka hapa ni juu yetu, na wakala wa forodha anataka shilingi milioni 14 za Uganda, na kila siku kontena likikaa bandarini ada inapanda. Mashine za oksijeni nazijua. Mjomba alileta moja kwenye sanduku lake siku ya utepe. Umeme wa Kanada ni volti 120, wetu ni 240. Tuliichomeka, ikatoa moshi mwembamba na harufu ya plastiki, ikanyamaza. Leo inazuia dirisha la nyuma lisipigwe na upepo.

Msinielewe vibaya, mimi si mtu asiyeshukuru. Mimi mwenyewe ni mtoto wa ukimbizi. Rais Idi Amin alipoanguka Aprili 1979, sisi wa West Nile, eneo hili letu alikotoka, tulihesabiwa wote kuwa watu wake, hata bibi ambaye hakuwahi kukanyaga kambi ya jeshi. Mwaka 1980 wanajeshi wake wa zamani walishambulia kutoka ng'ambo, jeshi jipya likalipiza kwa raia. Juni 1981 watu waliuawa Ombaci, kwenye misheni walikokimbilia. Watu walivuka kwenda Zaire na Sudan kwa maelfu. Mimi nilizaliwa Aru, hapo ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Zaire, ambayo leo ni Kongo.

Tulirudi 1986. Baba alibeba cherehani kichwani, ile ya kuzungusha kwa mkono, imefungwa kwa kitenge cha mama. Nyumba tuliikuta imeota mpapai katikati ya sebule, na mama alikataa ukatwe mpaka uzae. Baba akaweka cherehani chini ya mwembe akaanza kushona sare za shule kabla shule yenyewe haijapata paa. Vitambaa vilitoka Ariwara, ng'ambo ile ile, kwa mkopo, kwa watu wale wale waliotupokea. Arua hii mnayoiona ilisimamishwa upya na watu wa namna hiyo, waliorudi na ufundi na jina la mtu wa kumkopa. Wakati huo neno diaspora hatukulijua.

Na kibandani kwangu naona kitu kingine. Shule zikifunguliwa, Februari, Mei na Septemba, akina mama wanapanga foleni kutoa pesa zilizotoka nje. Laki tatu, laki mbili na nusu. Ada ya kutoa inakatwa, halafu serikali inachukua kodi yake, asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa, mama anakunja kilichobaki anakwenda moja kwa moja kwa mhasibu wa shule. Hiyo foleni imesomesha watoto wengi kuliko jengo lolote. Lakini haikatiwi utepe.

Swali langu basi: kwenu kulikopita vita, hawa wa nje walijenga nini kikasimama? Na kuna aliyewahi kuwashawishi walipe mtu badala ya ukuta?

Afande_Mstaafu

Mama Wakala, shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi basi pokea salamu. Mimi ni wa Kitgum, kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, Kiswahili changu ni cha polisi, mtanisamehe.

Kwetu watu wa nje hawakuanza na majengo. Walianza na maneno. Mwaka 1997 Waacholi wa Ulaya na kwingineko walikutana London, wakauita mkutano huo Kacoke Madit, yaani mkutano mkubwa. Walibishana kweli kweli. Wengine walikuwa bado wanaona vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, ni haki, kwa sababu aliye mbali halali porini. Lakini sauti ya mazungumzo na msamaha ilikua, huko na hapa nyumbani kwa viongozi wa dini na wazee, na sheria ya msamaha ikapita mwaka 2000. Baadaye kwenye mazungumzo ya amani ya Juba, 2006, ujumbe uliokaa mezani kwa niaba ya LRA ulijaa watu waliokuwa wanaishi nje. Sisi kambini tulikuwa tunasikiliza redio ya Mega FM na kuulizana: huyu anayesema kwa jina letu, mara ya mwisho kula posho ya msaada ilikuwa lini?

Kwa hiyo wamesaidia na wameharibu. Nimeona yote mawili kwa mtu mmoja.

Lakini nataka nikuulize jambo la kipolisi. Hilo jengo limesimama kwenye ardhi ya nani? Kwetu watu walikaa kambini miaka kumi na zaidi. Mwaka 2005 waliohamishwa kaskazini nzima walifika kama milioni 1.8. Waliporudi, wazee waliojua mpaka uko kwenye mti upi wa shea walikuwa wamezikwa kambini, na miti mingine imegeuzwa mkaa. Hapo ndipo ndugu wa kyeyo anakuja na dola, anazungusha waya ekari arobaini, anasema ni za babu yake. Pengine ni kweli. Lakini jirani naye ana babu. Kesi za panga nilizoandika baada ya vita zilikuwa nyingi kuliko za bunduki.

Sheria ya ardhi ya 1998 inaruhusu cheti cha umiliki wa kimila. Kichukueni. Wilaya haiwezi kupokea jengo ambalo kesho mtu atakuja kusema limekalia kaburi la mama yake.

MamaWakala_Arua

Afande, umenigusa. Ardhi ilitolewa na baba mdogo kwa mdomo, siku ya arusi, akiwa amekunywa. Hakuna karatasi.

Duka_la_Kisenyi

Salaam aleikum. Mimi Msomali wa Kisenyi, Kampala, nauza vitambaa, wazazi wangu ni wa Hargeisa, Somaliland.

Hargeisa ilipigwa mabomu 1988 na ndege za serikali ya Siad Barre, zilizokuwa zinaruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa yenyewe. Rubani alikuwa hana haja hata ya mafuta mengi. Ndege moja ya aina hiyo imewekwa katikati ya mji kuwa ukumbusho, watoto wanapiga picha chini yake. Mji ulibaki kuta bila mapaa. Nani aliujenga? Hakukuwa na Benki ya Dunia wala serikali inayotambuliwa. Ilikuwa ni binamu aliye Cardiff, dada aliye Minneapolis, dola mia kila mwezi kupitia hawala, yaani mawakala wa kutuma pesa kwa kuaminiana. Mia hiyo ilikuwa mchele kwanza, bati baadaye.

Usidhani ilikuwa pesa safi yote. Kupitia njia hiyo hiyo koo zilinunua risasi. Hawala haimuulizi mtu anakwenda kununua nini. Na Novemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York, Marekani ilipofunga Al-Barakaat, kampuni ya hawala, wanawake wasiojua hata ramani ya New York walikosa pesa ya mchele. Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao.

Lakini dada yangu, swali lako ni la kulipa mtu. Basi mtazame Edna Adan Ismail. Alikuwa mkunga, akafanya kazi Shirika la Afya Duniani, akastaafu. Angeweza kukaa popote. Akarudi Hargeisa akaweka mafao yake kwenye hospitali ya uzazi, ikafunguliwa 2002. Na hakuishia kwenye jengo: alianza kufundisha wakunga pale pale, wasichana wanatoka hapo wanakwenda vijijini. Jengo la Edna lina maana kwa sababu lina Edna. Lenu lina popo.

Samahani kwa ukali. Nauza vitambaa, nimezoea kusema bei.

Zamu_ya_Usiku

Dada, nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Mimi ni mmoja wa hao wa kyeyo. Si wa ukoo wako, lakini ni wa Koboko, tunasalimiana sokoni. Niko kaskazini mwa Uingereza, nalea wazee usiku, saa kumi na mbili kwa zamu. Nawageuza kitandani kila saa mbili wasipate vidonda. Vitanda hivyo hivyo mnavyovicheka navijua mpaka skrubu.

Nikwambie kontena linavyozaliwa. Hospitali inabadilisha vitanda, vya zamani vinatupwa. Mtu wetu anayesafisha pale anaomba apewe. Anapewa bure! Wewe uliyekulia mahali ambapo mama alijifungulia kwenye mkeka, utaviacha vitupwe? Huwezi. Moyo unakuuma. Basi tunachanga meli. Hakuna anayefikiria forodha ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Na kuhusu mshahara wa nesi, nitasema ukweli ambao kwenye simu ya Jumapili hakuna atakayesema. Ukuta una mwisho. Nikitoa pauni 400 za ukuta, nimemaliza, naweza kulala. Mshahara hauna mwisho. Mke wangu yuko Koboko. Sisi tuliokuja kwa viza hii ya kulea wazee tangu Machi 2024 haturuhusiwi kuleta familia. Namtumia yeye, namtumia mama, ada za watoto wa marehemu kaka, jirani anaumwa ngiri, kuna mazishi, kuna mazishi mengine. Kutuma dola 200 Afrika kunakula karibu asilimia 8 kwa wastani, na Umoja wa Mataifa wanasema wanataka ishuke chini ya 3 ifikapo 2030. Mimi 2030 mgongo wangu sijui utakuwa wapi.

Halafu tuseme nimelipa nesi. Mwezi wa tatu nesi haji kazini, nani ataniambia? Mara ya mwisho tulilipa walimu wawili wa shule ya msingi mwaka mzima. Mmoja alikuwa ameshahamia Kampala tangu Aprili. Tuliambiwa Desemba.

Kwa hiyo tunapenda picha, ndiyo. Picha ndiyo risiti pekee tunayopewa.

MamaWakala_Arua

Kaka Zamu, nimekusoma mara mbili na mteja amesubiri. Hilo la risiti sikuwahi kulifikiria. Mimi ndiye mweka hazina, na tangu utepe sijatuma hesabu hata moja. Sikuiba hata senti, basi tu niliona pesa imeisha, hesabu ya nini.

Jirani_RhinoCamp

Mama, mimi ni jirani yako wa Rhino Camp, makazi ya wakimbizi, mtu wa Yei, Sudan Kusini. Wazee wetu waliwapokea Waganda miaka ya 80, sasa ninyi mnatupokea sisi. Baba yangu alikuwa na rafiki Mlugbara aliyelima shamba letu mpaka 1986. Mimi nilipovuka na watoto, Septemba 2016, mtoto wa huyo Mlugbara ndiye aliyenipa jembe.

Nimeona kyeyo wetu wakirudi. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 walitoka Omaha, Melbourne, Nairobi, na Kiingereza kizuri na suti za joto. Wengine waliacha alama. Salva Dut, aliyekuwa mmoja wa wale watoto waliotembea mpaka Ethiopia na Kenya, alianza shirika la kuchimba visima mwaka 2003 akiwa Marekani, na visima vinatoa maji. Uhuru tukapata 9 Julai 2011. Halafu Desemba 2013 yote yakachanika, na Julai 2016 tena, safari hii mpaka kwetu Equatoria, kusini mwa nchi. Ndugu aliyejenga hoteli ndogo kwa akiba ya miaka tisa ya kiwanda cha nyama alibakiwa na ngazi za saruji zinazopanda kwenda hewani. Na walikuwepo wengine, walioketi Australia na joto la hita wakiandika kwenye Facebook nani auawe. Wao watoto wao walikuwa shuleni siku hiyo.

Sasa jambo lako. Hapa Uganda misaada inayokuja kwa ajili yetu wakimbizi, asilimia 30 hutakiwa iwafikie wenyeji. Kituo cha afya tunachotibiwa sisi kinatibu na Walugbara. Mganga wetu analaza akina mama wawili kitanda kimoja, nimeona kwa macho, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Vitanda vyako vina mahali pa kwenda hata kabla popo hawajahama. Chukueni vya kuzungusha kwa mkono, acheni vya umeme. Na kwenye kikao cha kaunti ndogo watu wa misaada huwa wanakaa nyuma na daftari. Nenda ukae karibu nao na uwaambie mna jengo tupu. Wao hutafuta majengo, ninyi mnatafuta nesi.

Afande_Mstaafu

Jirani amesema. Lakini karatasi ya ardhi kwanza!

MamaWakala_Arua

Nimerudi kuwapa habari, maana wengine mmeniandikia faragha kuniuliza.

Simu ilikatika mara nne. Kwanza kabisa nilisoma hesabu ya jengo, mfuko kwa mfuko wa saruji, mpaka pesa ya ng'ombe wawili. Ilichukua dakika ishirini. Nilidhani watalala. Kukawa kimya, halafu dada mmoja wa Leicester akasema, "Kumbe bati lilikuwa bei hiyo," na sauti yake ikabadilika. Hakukasirika. Sijui niiteje.

Nikawaambia la volti. Mjomba wa Toronto akasema mashine aliyoleta ilikuwa nzima, sisi hatukujua kuichomeka. Nikanyamaza, ni mjomba.

Vitanda 14 vya kuzungusha kwa mkono vinakwenda kwenye kituo cha serikali cha daraja la tatu cha kaunti ndogo. Mganga wake ameandika barua ya kuviomba, na wakala wa forodha anafuatilia kwa jina la kituo, kama msamaha wa kodi utapatikana. Usafiri tutachanga nusu kwa nusu. Sita vinabaki kwetu. Baba mdogo ametia kidole gumba kwenye fomu ya cheti cha ardhi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, LC1, na majirani wa pande zote nne, na safari hii hakuwa amekunywa kitu isipokuwa chai. Afande, nilikutaja.

La mshahara walikataa. Kaka Zamu, ulisema kweli, mtu hakutaka kufungwa na kamba isiyo na mwisho. Nikataja wakunga wa Hargeisa. Kuna binti wa ukoo aliyemaliza S4, yaani kidato cha nne, na alama nzuri za baiolojia, anauza nyanya kwa mama yake. Cheti cha ukunga ni miaka miwili na nusu. Hiyo ina mwisho, inahesabika, muhula kwa muhula. Walibishana kama atarudi kijijini akimaliza au atakwenda naye kyeyo. Mtu mmoja akasema, "Na akienda, si atachangia?" wakacheka wote, na mimi nikacheka, ingawa sikuona ya kuchekesha sana.

Mjomba wa Toronto aliuliza tutapiga picha gani.

Jana saa nne asubuhi ada ya muhula wa kwanza iliingia kwenye simu yangu. Nikafunga kibanda, nikapanda boda na binti, tukalipa, akapewa risiti ya kijani na orodha ya mahitaji: sare mbili, soksi nyeupe, glavu, ndoo. Nikaipiga risiti picha nikaituma kwenye kundi.

Mjomba alijibu wa kwanza: "Muhuri hauonekani vizuri. Piga tena."